Mutyo, Neno la Kogo

Juzi kibuyu cha Kogo kilivunjika. Nasema kilivunjika, kama mtu asemavyo akitaka kujitoa kwenye maneno, lakini tuendelee, huko nitafika. Kilianguka kutoka mezani kikapasuka vipande vitatu kwenye simiti, na harufu ikatoka. Kibuyu chenyewe kilikuwa kitupu. Kimeniangalia kutoka kwenye msumari miaka mingi bila maziwa, maana siku hizi maziwa lala nanunua kwa jagi ya plastiki kama watu wengine wavivu. Lakini ule mkaa wa mti wa senetwet aliousugua Kogo ndani, mkono wake ukizunguka na ufito, haukuwa umetoka. Harufu ya moshi na mafuta na kitu kichungu kidogo. Nyinyi wa rika langu mnaijua. Nilikaa chini hapo hapo karibu na vipande, magoti yakalia kama mlango, nikashindwa kusimama. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa nimechoka tu.

Mjukuu wangu Kiprono, huyu anayekaa na mimi kwa sababu anasoma hapa Kabianga, alitoka chumbani akakuta niko chini. Aliokota vipande akaviweka kwenye karai, akaniinua. Jioni baba yake akapiga simu kutoka Nakuru, kama kila Jumapili, na kijana akamwambia, "Baba, kibuyu cha ukutani nimekiangusha, nilikuwa nakimbilia chaja." Nikasikia mwanangu akimgombeza. Ati kibuyu kimevuka na mama yangu kutoka utoto wake, wewe unakuja kukiua kwa sababu ya chaja. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na kikombe changu cha chai. Nikanywa chai.

Siku mbili sijalala vizuri. Ndiyo nikamwomba kijana daftari. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, baadaye mikono yangu ikahitajika kwenye majani chai, kwa hivyo herufi zangu ni kubwa kama za mtoto na zinapanda mlima. Sasa zimekuwa kubwa zaidi, na sababu yake nitaisema.

Kogo, kwa wale ambao si wa huku, ni nyanya. Huyu alikuwa mama ya baba yangu. Mimi nililala kwake tangu nilipoacha kunyonya, kama watoto wengi wa huku wakati huo, nyumba yake ya nyasi ikiwa hatua thelathini kutoka ya wazazi wangu, na katikati kulikuwa na mstari wa chai aliyoipanda yeye mwenyewe wakati watu bado waliogopa kupanda chai, wakisema itakula mahindi. Ukiwa mlangoni unaona mteremko wote, mto chini, halafu ng'ambo boma la Arap Ngeno na ng'ombe wake. Asubuhi kuna ukungu, halafu unaondoka. Nikiuliza ukungu utaondoka saa ngapi, Kogo anasema, "Mutyo."

Kiprono aliwahi kuniuliza neno hilo kwa Kiswahili ni nini, wana kazi fulani huko shuleni kwao ya kukusanya maneno. Nikamwambia andika polepole. Akaandika, akaenda. Mimi nikabaki nikisumbuka, maana sikumpa yote. Polepole unamwambia mtu anayebeba mtungi, au anayeteremka njia ya utelezi, na mutyo pia tunamwambia hivyo hivyo. Lakini Kogo alilitumia hata pale hakuna mtu anayetembea. Mgonjwa anaendeleaje? Mutyo. Mtoto anaota meno? Mutyo. Chai iliyokatwa mpaka imebaki vijiti, itarudi lini? Mutyo. Alikuwa anasema juu ya jambo linalofanyika lenyewe, wewe ukiwa hapo, na hulioni. Sijui Kiswahili kinaliitaje hilo. Mashine za kuchuna chai huko kwenye mashamba makubwa, kwa mfano, hazikuja mutyo. Hizo zilikuja asubuhi moja, jioni watu wakafunga mizigo. Kwa hivyo si kila badiliko ni mutyo.

Mimi kama mtoto nilielewa kivyangu. Nilidhani kitu kinachokuja mutyo ni rahisi kukishika. Kinyonga anaenda hivyo na nilikuwa nawashika kila siku kwenye ua wa miiba, nikiwaweka kwenye kijiti kuwatisha wasichana wengine. Nikasema basi, kama jambo linakuja namna hiyo, unakaa tu mlangoni ukingoja, litafika likukute.

Na nilikuwa na jambo la kungojea. Macho ya Kogo. Niliona kwanza kwenye chai: alikuwa akimimina anaweka kidole ndani ya mdomo wa kikombe, chai moto ikifika kidole anaacha. Nilifikiri ni ujuzi wa watu wazima, hata nikajaribu, nikaungua. Kisha siku moja Baba Mkubwa akaja. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, ana nyumba ya mabati kule Chepseon karibu na soko, na alikuwa na sauti ya mtu mwenye mabati. Nilimsikia nyuma ya nyumba akimwambia baba, "Mama haoni vizuri. Siku atakaposhindwa na kibuyu, nakuja kumchukua. Sitangoja aanguke kwenye moto." Baba akasema sawa. Baba alisema sawa kwa kila kitu maisha yake yote.

Kogo alilijua hilo neno, alishaambiwa usoni. Na hakutaka kwenda. Alikuwa akisema Chepseon ni mahali ambapo mtu anakaa akiegemea ukuta. Hapa alikuwa na moto wake, chai yake, na kazi yake, kwa maana vibuyu vya ukoo wetu vilikuwa vyake. Sherehe yoyote, wanawake walileta maziwa kwake. Mimi nikajiapia kwamba nitayalinda hayo macho. Nitakaa mlangoni, upofu ukija nitauona, nitapiga kelele.

Kwa hivyo kila asubuhi, ukungu ukishatoka, nilimwuliza, "Kogo, ng'ambo kuna ng'ombe wangapi?"

Anageuza uso upande wa Arap Ngeno, anakunja paji. "Wanne."

Nahesabu, wanne. Nafurahi. Upofu bado uko njiani. Nilifanya hivyo msimu mzima. Halafu ng'ombe mmoja mweupe akafa ng'ambo, alikula mahindi mabichi akavimba, wakamla na sisi tukatumiwa mguu. Asubuhi iliyofuata nikauliza, Kogo akageuza uso, akakunja paji, akasema wanne.

Nilihesabu mara tatu. Sikupiga kelele niliyoahidi. Nilikuwa kama mtu aliyelinda mlango wa mbele usiku kucha na mwizi yuko ndani amelala.

Sasa wakati ule ule dada yangu Chebet aliposwa. Wazee wa upande wa mvulana wangekuja kwa koito, yale mazungumzo ya mahari ambayo wakielewana kibuyu kinafunguliwa, na maziwa ndiyo yanayosema ndiyo. Baba Mkubwa angekuwapo, na shangazi yetu, Senge tulivyomwita, dada yao mwenye mdomo. Kila mtu alijua kibuyu hicho kinamwangalia Kogo kama mtihani. Alichukua kile kizuri kuliko vyote, chenye shanga za simbi shingoni, akachagua ufito, akachoma senetwet, akasugua nusu ya siku, akivuta pumzi ndani yake kama mtu anayemnusa mtoto. Akaweka maziwa, akafunga kifuniko cha ngozi, akakiweka pembeni penye baridi. Nikauliza yatakuwa tayari lini. Mnajua alichosema.

Hapa ndipo nilipokosea, na hili ni kosa ambalo mtoto wa nyumba nyingine asingelifanya, maana watoto wetu huambiwa kabla ya kuambiwa jambo lingine lolote: kibuyu hakiguswi. Lakini mimi nilikuwa nimeshindwa na macho. Nikawaza, maziwa haya pia yanageuka. Nikiyaona yakigeuka, nitajua jinsi kitu kinavyogeuka, na pengine macho yatarudishwa kwa njia ile ile. Msicheke. Nilikuwa na miaka minane, tisa hivi.

Kila alasiri Kogo alienda kuchuna chai. Vidole vyake vilikuwa vinachuna vyenyewe, majani mawili na chipukizi, hakuna jani bovu kwenye kikapu chake, hata karani wa kupima majani hakuwahi kumrudishia. Akishuka kwenye mistari, mimi nafungua kifuniko. Natia kidole. Naangalia, nanusa, nafunga. Kesho tena. Siku ya kwanza maziwa. Siku ya pili maziwa. Siku ya tano yalikuwa mazito kidogo pembeni na nikajilaumu kwamba nimechelewa, yamegeuka nikiwa nimelala, basi nikaanza kufungua hata asubuhi. Na kidole cha mtoto mnakijua kimetoka wapi: kwenye udongo, kwenye vinyonga.

Siku ya koito ilinyesha mvua ndogo. Wazee wanne walikuja na makoti yao na fimbo, wakaketi ndani ya nyumba ya baba, na maneno yakaenda vizuri, naweza kusema vizuri mno, ng'ombe wakakubaliwa bila watu kununa. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya mlango pamoja na Chebet, yeye ananiminya mkono. Kogo akaingia na kibuyu, akitembea wima kabisa kwa sababu nyumba ya mwanawe aliijua kwa miguu. Akakitikisa, akafungua.

Niliona pua yake ikisimama. Alijua kabla ya mtu yeyote. Lakini wageni wameshika vikombe, utafanya nini? Akamimina. Mzee wa kwanza akaonja, akayaweka mdomoni muda mrefu, akayameza kwa adabu, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Haya maziwa," akasema, "yamezeeka kabla ya kukomaa."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha kusaidia. Senge alinyakua kikombe akakiangalia: juu utando wa kijani, chini maji maji. Akamwambia mama yake mbele ya wageni, ati mama, umetupa dawa ya kuogeshea ng'ombe? Wazee wakacheka tena, safari hii kweli. Kikaletwa haraka kibuyu cha jirani na mambo yakaendelea, Chebet aliolewa, ana wajukuu kama mimi, hilo halikuharibika. Lakini Baba Mkubwa hakucheka. Alimwangalia Kogo tu. Na Kogo akasema, bila mtu kumwuliza, "Ni mimi. Sikukiosha vizuri."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu. Ningetoka niseme ni mimi, ni kidole changu, Kogo bado anaweza kazi yake. Watu wengine wakisimulia mambo kama haya wanasema walishikwa na butwaa. Mimi sikushikwa na butwaa. Niliogopa kiboko cha Baba Mkubwa, basi.

Walimchukua wiki hiyo hiyo. Kulikuwa na pikapu ya mtu wa viazi inayoenda Chepseon, wakamweka mbele na dereva. Kabla hajapanda aliniita ndani, nyumba ikiwa tayari haina moto, mara ya kwanza naiona hivyo. Akanipa kile kibuyu chenye shanga. Nikadhani ananikabidhi tu kwa sababu mimi ndiye niliyelala naye. Akashika kifuniko, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ngozi.

"Mimi hufunga mshono ukitazama mlango," akasema. "Kila jioni nilikuta unatazama ukuta."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikauliza mbona hakunikataza.

"Nilifikiri una njaa."

Akasema hivyo kama mtu anayeomba msamaha. Mwaka ule mahindi hayakuwa mengi, ni kweli, na baba hakuwa mtu wa kusema nyumbani kwake kumeisha nini. Alifikiri nakunywa. Usiku alikuwa akifunga kile kifuniko upya, akijua kabisa kibuyu kinachofunguliwa kila siku hakina siku ya kuiva, na akaniacha ninywe. Na mbele ya wakwe angesema nini? Kwamba mtoto wa mwanawe anaiba maziwa ya wageni kwa njaa? Afadhali aseme hakuosha.

Sikumwambia kwamba sikuwa na njaa. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda niliona ni afadhali kuwa mtoto mwenye njaa kuliko kuwa mtoto aliyemlinda mtu mpaka akamharibia. Aliinuka, tukaenda hadi mlangoni, akageuza uso ng'ambo ya mto. Akaniuliza yeye mimi, kwa mara ya kwanza, "Wako wangapi?"

Walikuwa watatu. Nikasema, "Wanne, Kogo."

Akaitikia kwa kichwa akapanda pikapu.

Nilimtembelea Chepseon wakati wa likizo, kabla sijaacha shule. Alikuwa amekaa akiegemea ukuta, kama alivyosema. Hawakumtesa, nisiwaseme vibaya. Walimpa chakula kizuri, blanketi mpya, redio. Walimwondolea tu kila kitu cha kufanya, wakidhani ni heshima. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti na vidole vinachezacheza, na nilipovitazama sana nikajua ni nini: vilikuwa vinachuna chai. Nikamwuliza kwa ujinga wangu, maana hilo swali lilikuwa bado linanikera, "Kogo, macho yalianza kwenda lini?"

"Mutyo," akasema.

Nilikasirika. Niliona hajanijibu. Mimi nilitaka siku, nilitaka msimu, wakati wa ndizi au wakati wa mvua ya mawe, nijue nilikuwa wapi siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna. Hakufika likizo iliyofuata, na hata huko kwenda kwake kulikuwa kwa namna ile ile, hakuna mtu nyumbani aliyeweza kusema ni asubuhi gani aliacha kuomba chai.

Sasa nirudi kwenye simiti. Kibuyu sikukiona. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nafuta meza, nilikuwa nimekishusha kukipangusa vumbi, na nikakisukuma kwa kiwiko kwa sababu upande huo wa meza kwangu ni ukungu tu, na ukungu huu hauondoki jua likipanda. Kiprono anajua. Nimemwona akipanga viatu vyake mbali na njia yangu, akinimiminia chai nusu kikombe. Nami nimekuwa na ujanja wangu. Kwenye kilima cha ng'ambo, pale palipokuwa boma la Arap Ngeno, sasa kuna mnara wa simu wenye taa nyekundu. Kitinda mimba wa jirani huniuliza jioni kama taa imewaka, na mimi humwambia imewaka. Taa hiyo huwaka kila siku, kwa hivyo sijakosea bado.

Na mwanangu wa Nakuru alishasema, kwa upendo, simlaumu: mama, siku utakapoanza kuangusha vitu, nakuja kukuchukua, nyumba ina nafasi, kuna televisheni. Kwa hivyo kijana akasema ni yeye. Akagombezwa kwa ajili yangu, na mimi nikanywa chai. Miaka yote hii nimejihesabu kuwa mtu aliyekosa mara moja, nikiwa mdogo, kwa sababu ya kiboko. Sasa kiboko hakuna. Nimekuwa mzee na bado niko nyuma ya mlango.

Jana nikamwambia Kiprono anibonyezee namba ya baba yake. Akaniangalia, akasema, "Kogo, acha tu, imeisha." Nikamwambia bonyeza.

Nilimwambia mwanangu kibuyu nimekivunja mimi, sikukiona, mtoto asigombezwe tena. Nilikuwa nasikia magari ya Nakuru nyuma yake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu akiwa wa kubebwa, "Tangu lini, mama?"

Nilitafuta. Nawaambia ukweli, nilitafuta siku yenyewe ili nimpe, maana najua inavyouma kunyimwa. Nilirudi nyuma msimu kwa msimu, kwenye sindano niliyoacha kutunga uzi, kwenye nyimbo za kanisani nilizoanza kuimba kwa kichwa, na kila nilipofika nilikuta ilikuwa imeshaanza.

"Mutyo," nikamwambia.

Hakukasirika kama mimi. Alisema atakuja Jumamosi, tuzungumze. Nikamwambia sawa, ila aje mchana, jua likiwa mlangoni, nipate kuona anavyoingia.